TAHARIRI: BANDA KWANZA, KWARE BAADAYE



Jumamosi tutaamua kama fedha za mfuko wetu zinunue kware 100. Wengi wamekwisha kushawishika, maana kware huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba tu. Hiyo ni kweli. Mimi lakini nasema bado.

Mwaka jana nilifuga kware kumi katika banda langu la zamani la njiwa, juu mbao na bati. Usiku mmoja paka akatua juu ya bati. Kware wakashituka, wakaruka wima kama mishale, vichwa vikagonga mbao. Asubuhi watatu wamekufa, na paka wala hakuingia ndani! Sikujua kwamba ndege huyu akiogopa hakimbilii pembeni, anakwenda juu. Basi dari liwe la chini, kama sentimita 30, asipate nguvu ya kuruka; au liwe refu kupita mtu, na chini yake utandwe wavu laini.

Waya uwe wa matundu madogo, panya wa Tandale tunawafahamu. Kisahani cha maji ya vifaranga kitiwe changarawe, maana kifaranga cha kware ni kama kidole gumba, hutumbukia akafa. Pumba za sokoni peke yake hazitoshi, anataka dagaa kuliko hata kuku. Tena kware wa kufugwa kwa kawaida haatamii. Mayai yake hutaka mashine, au kuku mpole, siku 17 au 18. Na sisi tuliopakana na Mto Ng'ombe, banda lisimame juu ya miguu. Masika hayabishi hodi.

Sasa bei. Wenzetu wa Kenya mwaka 2013 waliuziana yai moja hata shilingi 100 za kwao, kwa kuambiwa ni dawa ya kila ugonjwa. Kila mtu akafuga. Mwaka 2014 bei ikaporomoka, watu wakabaki na ndege na deni. Karatasi ya muuzaji wetu nimeisoma kwa kisomo changu hiki cha ukubwani: neno "hutibu" nimelihesabu mara saba, neno "soko" hata mara moja halimo.

Pendekezo langu ni kware 12, tule mayai wenyewe na watoto wetu, tuone miezi sita. Mwenye wavu mkuukuu wa kuvulia ampelekee mweka hazina kabla ya Jumamosi.

Katibu