Taa za Magari Usiku: Kung'aa Siko Kuona

Tangu Oktoba 2023, Tanzania ilipoyaruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku baada ya katazo la karibu miaka 30, barabara kuu za Afrika Mashariki hazilali tena. Malori yatokayo Mombasa na Dar es Salaam kwenda Kampala, Kigali na Bujumbura hutembea saa zote. Aidha, misafara ya majeshi na doria za polisi aghalabu hufanya kazi wakati raia wamelala. Suala la taa za magari, ambalo wengi hudhani ni la mafundi wa gereji tu, limekuwa suala la usalama wa nchi zetu.

Ndugu askari, hatari ya kwanza yajulikana na kila mtu, nayo ni gari lisilo na taa. Mwezi Mei 2018, katika wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, kwenye barabara kuu ya Kampala hadi Gulu, basi la abiria liligonga trekta lililokuwa likienda gizani bila taa, kisha likavaana na lori. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Hatari ya pili ni mpya zaidi, na haitajwi sana kwa sababu huvaa vazi la maendeleo. Nayo ni gari la zamani lililotiwa balbu mpya zenye mwanga mkali kupita kiasi.

Katika maduka ya spea ya miji yetu yote sasa huuzwa balbu za LED za kupachikwa mahali pa balbu ya kawaida ya halojeni. Dereva huzinunua, huzipachika mwenyewe kwa dakika chache, na usiku ule ule huona barabara nyeupe mbele yake akafurahi. Lakini yafaa ieleweke kwamba balbu si taa. Taa ni balbu pamoja na kikombe chake cha ndani chenye kurudisha mwanga. Kikombe cha taa ya halojeni kimechongwa kwa hesabu, kikitarajia uzi mwembamba wa balbu uwe mahali fulani, wenye urefu na unene fulani. Chanzo cha mwanga kikisogea hata milimita moja au mbili, mwanga huenda kusikotakiwa. Sehemu yake hupanda juu, ikaingia machoni mwa yule anayekuja. Sehemu nyingine humwagika karibu na bampa. Mwenye gari huona weupe mwingi hapo miguuni, mboni za macho yake hujifunga kwa weupe huo, na kule mbali ambako ng'ombe amesimama kumezidi kuwa giza. Amenunua kung'aa, hakununua kuona.

Nchi zilizoendelea kwa viwanda zimelishughulikia jambo hili kwa njia mbalimbali. Uingereza hukataza taa za halojeni kugeuzwa kuwa za zenoni, na magari ya kisasa yaliyogeuzwa hivyo huanguka katika ukaguzi wa kila mwaka. Ujerumani mwaka 2020 ilianza kuruhusu balbu za LED za kubadilishia, lakini zile tu zilizopimwa na kukubaliwa kwa aina maalumu za magari, zikiorodheshwa moja baada ya nyingine. Hakuna nchi makini kati ya hizo iliyosema kila mtu atie apendacho. Na isidhaniwe kwamba taa bora hazina faida. Uchunguzi wa taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba magari yenye taa za daraja la kwanza hupata ajali za usiku za gari moja pungufu kwa asilimia 19 kuliko yenye taa za daraja la mwisho. Lakini taa hizo zilipimwa zikiwa zima, jinsi zilivyotoka kiwandani.

Je, mwenye gari la zamani afanye nini? Hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo, na ndipo maofisa usafiri wengi hawatazami. Katika magari mengi ya zamani, umeme wote wa taa za mbele hupitia swichi ya dereva na nyaya nyembamba. Nyaya zikichakaa na maungio ya negativu yakishika kutu, volti hupotea njiani. Umeme ukipungua kwa sehemu moja ya kumi, yaani volti 13.2 ikifika kwenye balbu ikiwa 11.9, mwanga wa halojeni hupungua kwa karibu asilimia 30. Dereva hulaumu balbu, akatia ya wati 100 badala ya 60, na plagi ikayeyuka. Dawa ni rilei na nyaya nene kutoka kwenye betri, pamoja na fyuzi yake, huku swichi ikibaki na kazi ya kuamuru tu. Fundi umeme yeyote wa kikosi aweza kuifanya.

Jambo la pili ni ukungu wa lenzi za plastiki zilizopigwa na jua. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima lenzi zilizochakaa kikakuta taa zake zikitoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Lenzi hizo husuguliwa kwa msasa laini wa maji na kung'arishwa, zikaendelea kutumika.

La tatu ni mwelekeo. Gari lisimame mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Ukingo wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Taa iliyo sentimita 80 kutoka ardhini itafika mita 80 mbele. Sasa pakia askari 10 na masanduku yao nyuma ya pikapu. Ikiwa kati ya ekseli na ekseli pana mita 3, mkia ukizama sentimita 3 tu mteremko ule wote umekwisha, na dimu imekuwa fulu bila dereva kugusa kitu. Kwa hiyo taa za gari la doria zipimwe likiwa na mzigo wake wa kawaida, si likiwa tupu gereji.

Liko jambo jingine ambalo linazihusu hasa nchi za Jumuiya. Kati ya wanachama 8 wa leo, Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Sudani Kusini, Kongo na Somalia huendesha kulia. Mwanga wa dimu haukukatwa sawa. Hupanda kidogo upande wa ukingo wa barabara ili kumwonyesha mtembea kwa miguu. Gari la Kampala likiingia Kongo, upande ule ule unaopanda humwelekea dereva anayekuja. Hali ni hiyo hiyo kwa gari lililonunuliwa Ulaya bara na kuletwa Nairobi. Askari waliotumwa Somalia tangu 2007, au walioingia mashariki ya Kongo tangu 2021, wamekutana na taa za namna zote mbili katika msafara mmoja. Gari linalovuka kwa muda mfupi huzibwa kipande kile cha lenzi kwa stika isiyopitisha mwanga. Linalohamia moja kwa moja libadilishwe taa nzima.

Kwa askari wa trafiki, habari nyingi zimeandikwa kwenye lenzi yenyewe, katika magari yaliyofuata kanuni za Umoja wa Mataifa. Herufi HC, HR au HCR ni halojeni. DC na DR ni zenoni. Mshale ukielekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya gari, taa hiyo ni ya kuendesha kushoto. Mshale wenye ncha mbili, hutumika pande zote. Pasipo mshale, ni ya kuendesha kulia. Ukisoma HCR na ndani mnatoka mwanga mweupe wa kibuluu, balbu imebadilishwa, na dereva hana haja ya kuulizwa mara mbili.