Mkopo wa Mwanafunzi na Furaha ya Kutoa

Huku kwetu Kisauni na Likoni kuna jambo ambalo watu hulisema pembeni, nami nataka tuliseme barazani. Mwanafunzi wa chuo kikuu akipata fedha zake kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hazimalizi wiki mfukoni. Nyingine humwendea mdogo wake aliye sekondari, nyingine nyanya yake anayetaka dawa ya presha. Majirani husema: maskini kijana wa watu, wanamnyonya!

Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake huko Kanada waliwapa watu dola 5 au 20, wengine wajinunulie vyao, wengine wamfae mtu mwingine. Jioni, waliowafaa wengine ndio waliokutwa na furaha zaidi, na wa dola 20 hakumshinda wa dola 5. Mtu atasema hao ni Wazungu, wameshiba. Lakini katika kazi ya Lara Aknin, Dunn na wengine iliyochapishwa mwaka 2013 walikuwamo wanafunzi wa Uganda, jirani zetu. Walioambiwa wakumbuke fedha walizomtumilia mwenzao walifurahi kuliko waliokumbuka walizojitumilia wenyewe. Na wapo Waganda waliotaja gharama za matibabu. Yule nyanya na dawa yake, basi, si jambo la Likoni peke yake.

Hata hivyo wazazi wasinifanye wakili wao. Mwaka 2010 Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha kuwa msaada humfurahisha mtoaji anapoutoa kwa hiari. Akisukumwa, furaha ile haiji. Nasi Waislamu hili si geni kwetu: zaka ina kiwango chake, sadaka haina, na amali huanzia kwenye nia. Iweje basi kijana apigiwe simu siku ile ile fedha zilipoingia, asomewe orodha: saruji, kodi ya nyumba, harusi ya binamu? Akisita huambiwa kisomo kimempanda kichwani. Na fedha zenyewe ni deni (la riba nawaachia mashehe), na atakayelilipa ni yeye, si binamu.

Mama mmoja wa Mtongwe aliniambia kuwa muhula ukianza yeye hamwombi mwanawe kitu, hungoja tu. Mwezi uliopita kijana alivuka na feri, kilo mbili za mchele mkononi, akazitua jikoni mwenyewe, akakataa hata kuulizwa amezipataje.