ALALAYE NJE NI MFANYA KAZI MWENZETU

Ndugu wafanya kazi,

Juma lililopita nilitoka zamu ya usiku saa kumi na moja alfajiri. Barazani mwa maduka, karibu na njia ya reli, nilikuta lori limesimama na askari wakipakia magunia, maboksi na mablanketi ya watu waliokuwa wamelala pale. Mmoja wao namjua, ni hamali wa sokoni. Akaniambia, "Ndugu yangu, shati langu la kazi limo mle." Lori likaenda zake. Siku ile hakupata kazi, maana ni nani atakayempa mzigo mtu aliye kifua wazi?

Basi nauliza: mji umepata faida gani?

Wako wasemao kwamba mji usiwatengee mahali watu wasio na nyumba, eti wavivu watazidi. Maneno haya si mapya. Wakati wa ukoloni baba zetu wakikosa kazi Nairobi waliitwa wazururaji, wakakamatwa na kurudishwa mashambani. Sheria ile ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997, lakini roho yake ingali hai. Hesabu ya serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani katika Kenya, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Wamo watoto. Je, mtoto naye ni mvivu?

Wengine wasema, ngojeni nyumba za bei nafuu. Ndugu, tangu Sheria ya Nyumba ya mwaka 2024 sisi hukatwa shilingi 1.50 katika kila shilingi 100 za mshahara, na mwajiri naye hutoa kiasi kicho hicho. Vema, zijengwe. Lakini nyumba hizo zataka malipo ya kila mwezi. Hamali alipwaye kwa gunia atalipa nini? Na usiku wa leo alale wapi? Mwenye njaa haambiwi angoje mavuno.

Sisi twataka nyumba za kulala usiku: kitanda, maji, choo, na sanduku lenye kufuli la kuwekea shati la kazi. Ziwe karibu na soko na stesheni, pale kazi ilipo, si porini. Tena mtu aingie kwa hiari yake na atoke kwa hiari yake. Mahali penye seng'enge na askari mlangoni si nyumba, ni kambi, na kambi twazijua tangu zamani.

Hatuombi sadaka. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makao yafaayo. Haikusema kila mwenye kodi mfukoni.

Usiseme, ndugu, kwamba jambo hili halikuhusu. Kati yako wewe na baraza ile pana kodi ya miezi miwili tu. Ukiachishwa kazi leo, mwenye nyumba hatauliza ulitumika miaka mingapi. Mwenzako akinyolewa, tia chako maji.

Kila tawi na lilete jambo hili katika mkutano wake ujao, likubaliwe kwa kura, kisha lipelekwe kwa Kaunti kwa sauti moja.

Mfanya kazi wa Reli,
Nairobi