Flashi Moja Inabeba Picha Ngapi za Penzi Lenu?

Mwezi huu tupige hesabu kidogo, maana kila harusi ikiisha naulizwa swali lile lile: "Dada, tununue flashi ya GB ngapi ili picha zetu zote ziingie?"

Hesabu yenyewe wala siyo ngumu. Picha ya kawaida ya simu huwa na MB 3 hadi 5, basi tuseme 4. Flashi ya GB 64 ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows utaona kama GB 59.6. Usiende kugombana na muuza duka, hajakuibia! Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Zidisha 59.6 kwa 1,024, gawanya kwa 4, unapata picha kama 15,000. Nyingi, eti?

Ngoja kwanza. Picha ghafi za mpiga picha wa harusi, zile ambazo hazijabanwa, zinaweza kufika MB 25 kila moja. Hapo flashi hiyo hiyo inabeba kama 2,400 tu. Na video ndiyo mlafi kabisa: dakika moja ya 4K inaweza kumeza MB 170 au zaidi, yaani saa moja ni GB 10 na ushee. Tena flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata kama nafasi ipo kibao.

Kwa hiyo msikisie. Fungueni folda lenu, tazameni uzito wake, mgawanye kwa idadi ya picha. Hapo mtajua picha yenu moja ina MB ngapi. Kisha nunueni yenye nafasi mara mbili ya mnayohitaji, maana watoto wanakuja!

Lakini jamani, kujaa siyo tatizo kubwa. Kuna wanandoa ninaowafahamu, harusi yao yote ilikaa kwenye flashi moja. Nafasi ilibaki tele. Siku moja ikaazimwa kwenda kuprinti, haikurudi. Humo ndimo zilimokuwa picha za mwisho za mama mzazi wa bibi harusi. Waliobahatika kuzipata walizipata kwa WhatsApp, zimebanwa, hata kuzikuza ukutani haiwezekani.

Ndiyo maana nasema: badala ya flashi moja ya GB 128, bora mbili za GB 64 zenye picha zile zile. Moja ikae kwenu, nyingine kwa wakwe au kwa dada mnayemwamini. Mwizi akiingia, moto ukizuka, au hata ninyi wawili mkinuniana, hakuna atakayebaki mikono mitupu.

Mwenzangu, leo jioni muulize mwenzi wako: picha zetu ziko sehemu ngapi? Akijibu moja, mna kazi wikiendi hii. Tukutane mwezi ujao!