Saa ya Kigali nusura inipokonye mama

Wiki hii stori za mademu zipumzike kidogo. Nina jambo la nyumbani, na siyo siri, nikilikumbuka miguu inaisha nguvu.

Mimi ni mtoto wa Rusumo, hapa hapa mpakani, kazi yangu makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Rwanda. Mzee ana presha. Bi mkubwa ana sukari ile ya kuchoma sindano asubuhi na jioni, kabla ya kula. Dada yupo Mwanza, anatuma hela ya dawa. Manesi ni mimi na mdogo wangu, tulifundishwa kliniki siku moja, basi.

Friji hatuna. Chupa ya dawa inakaa ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, kopo ndani ya chungu cha maji, kivulini. Hilo tulilimudu. Kilichotushinda ni saa.

Anayeijua Rusumo anajua vituko vyake. Ukivuka daraja la mto Kagera unahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, na saa inarudi nyuma moja. Simu nazo hazijui mpaka. Inadaka mtandao wa ng'ambo, inajirekebisha yenyewe, saa kumi na mbili yetu inakuwa kumi na moja. Mimi ile kitu nimeizima. Dogo hakuizima.

Tulikubaliana, ikigonga kumi na mbili jioni, aliye nyumbani achome. Siku hiyo nikachoma mimi, mama akala, nikakimbilia forodhani. Dogo karudi, alamu yake inalia, kumbe ni saa moja yetu. Akachoma tena!

Nilimkuta mama jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Mwanamke huyu huyu, Aprili 1994, watu kama robo milioni walipovuka daraja hili ndani ya saa 24, alikuwa anawabebea ndoo za maji. Leo kikombe kinamshinda. Mzee anasema tumwache alale. Alale! Nikakumbuka neno la nesi: akitetemeka, mpe sukari haraka maadamu anaweza kumeza. Vijiko vinne kwenye maji, tukamnywesha taratibu, kisha tukatafuta gari. Kituoni mashine ikasoma 2.6, na chini ya 4 tayari ni hatari. Tulikesha huko, maana dawa ile haiishi mwilini upesi.

"Mama, mbona hukumwambia dogo?" nilimuuliza asubuhi.

"Nilidhani daktari kaongeza. Si nyie ndio mnaojua, mwanangu?"

Hapo utajibu nini?

Sasa kuna daftari kwenye msumari, kalamu imefungwa kamba. Ukichoma unaandika tarehe, saa, kiasi na jina lako, na mama mwenyewe anaweka tiki. Saa inayotambulika ni ya ukutani tu. Vidonge vya mzee vina kopo lake. Kadi za kliniki na vitambulisho vyote viko bahasha moja, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, lakini dirishani hawasomi mvi, wanasoma kitambulisho.

Dada alinuna kwanza. "Daftari la nini, kwani hamwaminiani?" Nikampigia picha ukurasa, nikamtumia. Siku hizi Jumapili nikichelewa kutuma anapiga mwenyewe, anauliza kipi kimebaki kidogo.

Na dogo? Juzi kashika sindano, mama akamzuia mkono: "Tiki yangu ya asubuhi umeiona?" Akarudi kwenye msumari mdogo mdogo.

Haya, ya ukutani inakaribia kumi na mbili. Tukutane wiki ijayo.