Fundi viatu naye ni mtunza desturi

Mu mikutano yetu, tukisema desturi, tunafikiri ngoma, mavazi na chakula. Fundi viatu anayekaa kando ya barabara hapa Bunia, hakuna anayemwalika. Eti ni mtu aliyekosa shule. Mimi mwalimu nasema: tunajidanganya.

Muangalie anavyochagua sindano. Asiyejua anatwaa yenye ncha kali. Inapasua uzi wa hatua iliyotangulia, tena inamchoma kidole. Anayejua anatoboa ngozi kwanza na chuma chake cha kutobolea, kisha anapitisha sindano mbili zenye ncha butu, moja kila upande, mu shimo lile lile.

Uzi ni mmoja, urefu mara nne wa mshono: sentimeta 20 za mshono zinaomba uzi wa sentimeta 80 hivi. Anaupitisha juu ya nta ya nyuki mara mbili tatu, halafu kati ya vidole mpaka nta ipate moto na kuingia. Njo maana maji hayauharibu upesi, na hatua haitelezi.

Munasema mashini ni bora? Mashini inashikanisha nyuzi mbili katikati ya ngozi; mmoja ukikatika, mshono unaanza kufunguka. Mshono wa sindano mbili ukikatika upande mmoja, upande wa pili unabaki kushika.

Wengine watajibu: uzi wa nailoni, hata ule wa kuchomoa mu gunia, hauozi. Kweli. Lakini ukiwa mwembamba unakata ngozi laini kama waya, na fundo lake linateleza. Nailoni siikatai, nakataa kuichukua bila kuchagua unene na bila kuipaka nta.

Aibu ni yetu sisi tuliosoma. Ng'ombe tuko nao Djugu na Irumu, asali inatoka pori la Mambasa. Nyumbani kwangu tulikuwa tunakamua asali na kutupa masega, huku watoto wakivaa viatu vya kubandikwa na kole, vinavyofunguka mvua ya kwanza.

Basi ndugu zangu wa chama, siku ya ngoma tumuwekee na fundi viatu kiti chake, tumulipe siku yake ya kazi. Wanafunzi wakae karibu naye, wapime uzi mara nne, wapake nta, washone. Hiyo nayo ni hesabu, na watarudi nyumbani na kiatu kizima.