Kinanira: Elimu yaingia kwa intaneti, malipo yakwama njiani

Kijana wa mtaa wa Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, anayetaka kujifunza kutengeneza programu za kompyuta halazimiki tena kuifuata elimu hiyo Brussels au Nairobi. Masomo ya freeCodeCamp, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2014, hutolewa bila malipo. Mihadhara ya vyuo vikuu mashuhuri imo mtandaoni. Mbali na mkongo wa taifa wa Burundi Backbone System, tangu mwaka 2024 huduma ya Starlink nayo imefika nchini. Kizuizi kiko upande wa pili wa biashara: mteja wa Toronto akisharidhika na kazi, fedha zitafikaje Kinanira, na zikifika zitakuwa na thamani gani?

Stripe, kampuni ya Marekani inayopokea malipo kwa niaba ya wafanyabiashara wengi wa mtandaoni duniani, haimfungulii akaunti mfanyabiashara aliyesajiliwa Burundi. Lumicash na Ecocash zimerahisisha malipo ya ndani, lakini mteja wa ng'ambo hana namba ya simu ya Burundi. Ipo njia ya kusajili kampuni Marekani kwa mbali kupitia mpango wa Stripe Atlas, ambao ada yake ilitangazwa kuwa dola 500. Katika nchi ambayo pato la mtu kwa mwaka halifiki dola 300, ada hiyo peke yake huwaondoa wengi kabla hawajaandika mstari wa kwanza wa programu.

Tatizo la thamani ni zito zaidi. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi, BRB, ilishusha thamani ya faranga kutoka takriban 2,100 hadi takriban 2,800 kwa dola moja. Hatua hiyo haikuziba pengo. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2024, dola katika soko lisilo rasmi iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha benki. Tuchukue kampuni ya vijana watatu iliyouza kazi ya dola 1,000. Zikibadilishwa kwa kiwango rasmi cha takriban faranga 2,900, inapata faranga milioni 2.9. Lakini kompyuta, betri na petroli ya jenereta huuzwa kwa bei inayofuata soko lile jingine, na petroli yenyewe imekuwa adimu kwa miaka kadhaa sasa. Nusu ya jasho lao imepotea njiani. Hiyo ni kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha, na anayeilipa ni yule yule anayeiletea nchi fedha za kigeni.

Ndiyo maana inaeleweka kwa nini mtu katika hali hiyo huamua kuziacha fedha zake nje. Hapo ndipo jambo hili linapowagusa Warundi wa Australia, Kanada na Ubelgiji. Shangazi aliyeko Adelaide anaombwa "akopeshe" akaunti yake: mteja alipe kwake, naye atume nyumbani kidogo kidogo au alipie seva kwa kadi yake. Ombi ni la kindugu na kulikataa ni vigumu. Hata hivyo, mbele ya mamlaka ya kodi fedha zinazoingia kwa jina lake zinaweza kuhesabiwa kuwa kipato chake, na benki ina haki ya kumuuliza zimetoka wapi. Mapatano yaliyoandikwa, ankara za kila malipo na ushauri wa mhasibu vingemlinda; neno la kwenye simu halitamlinda. Upande wa Kinanira nako kuna hasara isiyoonekana haraka. Kampuni ambayo mapato yake yote yamepita kwa jina la mtu mwingine haina taarifa ya benki ya kuonyesha inapoomba mkopo au mwekezaji. Ikikua, itaonekana kama haijawahi kuwapo.

Kujifunza nako kuna masharti yake. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa kuwafunza vijana wa Lagos na kuwaunganisha na wateja wa Marekani, ilienea hadi Nairobi, Kampala na Kigali. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi mamia ya wanaoanza, kwa sababu wanunuzi walitaka mafundi wazoefu. Tangu ujio wa ChatGPT mwishoni mwa mwaka 2022, kazi nyepesi, zile ambazo mwanafunzi huanzia, ndizo zilizo hatarini zaidi. Cheti cha mwaka jana hakitoshi, na anayesoma kila usiku anahitaji umeme kila usiku. Anahitaji pia Kiingereza, lugha iliyopewa hadhi rasmi Burundi mwaka 2014 tu, ilhali wengi walisomeshwa kwa Kirundi na Kifaransa.

Je, soko la jirani halingekuwa mwanzo mwepesi? Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Mwenye duka la Buyenzi, Uvira au Kigoma anayehitaji programu ya kuhesabu bidhaa ataielewa kwa Kiswahili, na kampuni kubwa za mbali hazimtazami sana. Hapa vijana wa Bujumbura wana kitu ambacho mshindani wa mbali hana. Lakini vita vya Kivu vimeikata biashara ya Uvira, na mpaka na Rwanda ulifungwa na Burundi Januari 2024. Programu hupita hewani. Anayekwenda kuifunga dukani na kumfundisha mwenye duka hupita barabarani.

Serikali, kwa mradi wa PAFEN unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, inapanua mtandao na huduma za kidijitali. Ni kazi inayostahili, ila mkongo mrefu zaidi hausogezi kiwango cha faranga. Kampuni changa ingenufaika zaidi na akaunti ya dola katika benki ya Bujumbura, ambamo ingepokea malipo na kulipia seva bila kubadilisha kwa lazima. Hilo limo mikononi mwa Benki Kuu. Kwa sasa, kwa wengi, jibu lililo karibu ni kumpigia simu shangazi.